Jina Lilibadilika, Habari Ikabaki

Mimi ndiye niliyemwambia mama yule kwamba binti yake yu hai. Nilimwambia kwa mdomo wangu, nikiwa nimeshika simu yangu mwenyewe, mbele ya majirani zaidi ya kumi, na sikuwa na shaka hata kidogo. Hapa mtaani wengi husema mashine ndiyo iliyokosea. Nawaacha waseme. Lakini najua ilivyokuwa, na nataka kuieleza mara moja tu, tangu mwanzo.

Ninatengeneza kurasa za mtandao hapa Kisangani. Chumba changu cha kazi kiko Makiso, nyuma ya depo ya tonton, kaka yake mama, anayeuza sabuni, chumvi na mafuta kwa jumla. Familia yetu ilitoka Kivu ya Kaskazini kabla sijazaliwa, na tonton ni mtu wa aina ile ambayo wafanyabiashara wenzake humtwika kila kamati: anaandika vizuri, hasahau, hapandishi sauti.

Jumatatu moja, balenyere iliyotoka Basoko kuja kwetu ilizama. Balenyere ni mtumbwi mkubwa wa mbao wenye mota, na huu ulikuwa umejaa mahindi, makaa, mbuzi na watu juu ya hayo yote. Uligonga kisiki kilichojificha chini ya maji ukapasuka. Waliookolewa walichukuliwa na pirogi, mitumbwi midogo ya wavuvi, kila pirogi ikaelekea ilikoona karibu. Wengine wakapelekwa Basoko, wengine Barumbu, wengine wakabaki kwenye vijiji vya kando ya mto. Maiti nao walisambaa hivyo hivyo. Kisangani tulipata habari vipande vipande, na kila kipande kilipingana na kingine.

Kesho yake tonton aliingia chumbani kwangu na daftari mkononi. Kamati ya wafanyabiashara ilikuwa na mtu Basoko, ambaye asubuhi na jioni alipanda mahali penye mtandao akatuma majina: nani amepatikana, wapi, katika hali gani.

“Batu banakuja kwa depo tangu asubuhi,” aliniambia. “Kila mutu anataka nimusomee liste yote. Siwezi. Unaweza kuiweka mahali kila mutu ajisomee kwa simu yake?”

“Naweza, tonton.”

“Lakini ikuwe nyepesi. Simu za batu hapa unazijua.”

Nilizijua. Simu zenye vioo vilivyopasuka, mtandao unaokuja na kuondoka. Ndiyo sababu sikutumia maktaba kubwa za msimbo ambazo wenzangu wa miji mikubwa huzipakia bila kufikiri. Ukurasa niliujenga kwa vipande vidogo: kipande cha orodha, kipande cha jina, kipande cha habari za mtu. Kisha nikaandika mwenyewe ruta, yaani sehemu inayosoma anwani iliyoko juu ya kioo na kuamua ni kipande gani kionekane. Anwani ikiwa ya orodha, inaonyesha orodha. Anwani ikiwa na namba ya mtu, inamwonyesha mtu huyo. Ukurasa unapakiwa mara moja tu, na baada ya hapo vinabadilika vipande peke yake, hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Ruta yangu yote ilikuwa na mistari isiyozidi arobaini. Nilijivunia. Nakumbuka kabisa kwamba nilijivunia, katika wiki ile.

Jina la mtu nililiweka ndani ya anwani yenyewe, karibu na namba yake. Sababu ilikuwa nzuri. Mtu akigusa jina, jina lingetokea juu papo hapo, halafu habari zake zingefuata chini mtandao ukizileta. Sikutaka mtu aliyemtafuta mumewe aangalie kioo cheupe.

Jumatano ukurasa ulianza kutumika. Watu waliupokea kama maji. Kila jina lilikuwa na anwani yake, hivyo anwani moja moja zilitumwa kutoka simu hadi simu, mpaka Yahuma. Mwanamume mmoja alikuja depo kunishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa sababu alimwona dada yake, akaenda kumchukua.

Alhamisi asubuhi niliongeza kitu kimoja. Wazee walikuwa wanashindwa kurudi kwenye orodha baada ya kumfungua mtu. Nikaweka neno chini ya kila ukurasa: anayefuata. Ukiligusa, unapelekwa moja kwa moja kwa mtu wa pili kwenye orodha. Nilijaribu mara moja, jina likabadilika, nikaridhika.

Saa chache baadaye, mtu nisiyemjua aliniandikia kuuliza sababu: “Juu ya nini bote banaonekana Barumbu?”

Nikamjibu: “Funga ukurasa, uufungue tena.”

Akafanya hivyo. “Bon, sasa iko sawa,” akaandika. Nikasema moyoni ni mtandao. Hapa kila kitu ni mtandao. Nikaendelea na kazi.

Mchana ule ule mama yule alikuja. Nilimfahamu tangu utoto. Ni wa familia za wavuvi wa kule kwenye maporomoko, mume wake na shemeji zake hutega mitego yao kwenye maji yanayochemka, na yeye huuza. Binti yake tulikaa benchi moja darasa la pili. Alikuwa anacheka ovyo darasani, na mimi ndiye niliyeadhibiwa. Siku zile alikuwa amekwenda Basoko kuuza nyuzi za nyavu.

Mama alikuja na dada yake na majirani, wote kwa miguu. Simu yake ilikuwa ya kupigia tu. Alisimama mlangoni akashika pande zote mbili za fremu.

“Mutoto yangu,” aliniambia, “banasema weye uko na majina.”

“Niko nayo, mama. Ingia.”

“Niangalilie.”

Nilifungua orodha. Sikuwa nimelitafuta jina lile hata siku moja. Nilikuwa naogopa, na niliingiza majina bila kuyasoma, kama mtu anayepanga matofali. Nikagusa, nikakosea. Lilifunguka jina lililo juu yake, la msichana mwingine ambaye jina lake la kwanza lilifanana na lake. Huyo alikuwa hai, Barumbu, kwenye kituo cha afya, ameumia mkono. Sikurudi kwenye orodha. Nilishuka chini nikagusa neno langu jipya, anayefuata.

Juu ya kioo likatokea jina la binti yake. Jina lote, la baba na la ukoo. Chini yake nikasoma: yu hai, Barumbu, kituo cha afya, ameumia mkono.

Sikushtuka kwamba maneno yalikuwa yale yale. Watu wengi walikuwa Barumbu na wengi walikuwa wameumia mikono. Nilikuwa nataka kuyasoma maneno yale, nikayasoma.

“Mama, iko muzima.”

“Unasema?”

“Iko muzima. Iko Barumbu, kwa centre de santé. Aliumia mukono.”

“Mukono tu?”

“Mukono tu.”

“Mukono si kitu,” alisema mama. “Mukono si kitu, mukono si kitu.” Kisha akakaa chini kwenye saruji. Dada yake akaanza kuimba wimbo wa kanisani, na wanawake wote wakampokea, mpaka wapagazi wa tonton wakaja kuchungulia. Nilimkumbatia mama yule. Nikachukua sabuni mbili depo na liputa langu jipya, kitambaa cha kujifunga, nikampa, ampelekee rafiki yangu. Kabla jua halijageuka walikuwa wameazima pirogi yenye mota, na mama akashuka mto pamoja na shemeji yake.

Ijumaa asubuhi tonton aliniita. Alikuwa ameketi na daftari lake, amevaa miwani.

“Ile familia ya ku maporomoko,” aliniuliza, “nani aliwapelekea habari? Mimi sina nguvu ya kwenda leo, ila ni lazima mutu aende.”

“Habari gani, tonton? Mama yake alishaenda Barumbu jana. Mutoto iko muzima.”

Tonton aliniangalia juu ya miwani. Aligeuza daftari akaniwekea kidole chake kwenye mstari. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesomeshwa na mapadri. Jina la rafiki yangu, na pembeni: amekufa, mwili uko Basoko, utangojwa mpaka Jumamosi.

“Nilikupa hivi,” alisema taratibu. “Ni weye uliingiza. Uliingiza nini?”

Nilikimbilia chumbani. Nikafungua ghala la majina, na kule ndani kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa na tonton. Amekufa. Basoko. Nilikuwa nimeliandika kwa vidole vyangu wiki ile ile. Nikafungua ukurasa kutoka kwenye orodha, nikagusa jina lake. Amekufa, Basoko. Nikarudi, nikafungua jina lililo juu yake, nikashuka chini, nikagusa anayefuata. Yu hai, Barumbu, ameumia mkono.

Nilielewa kabla sijaugusa msimbo. Ukitoka kwa mtu ukarudi kwenye orodha, kipande cha habari kinaondolewa, na ukifungua mtu mwingine kinaundwa upya na kwenda kuleta habari mpya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijaribu siku zote. Lakini ukitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine moja kwa moja, ruta yangu iliona kwamba kipande kinachohitajika ni kile kile, ikakiacha mahali pake. Jina lilisomwa kutoka kwenye anwani, likabadilika. Habari zililetwa mara moja tu, kipande kilipozaliwa, zikabaki za mtu wa kwanza. Ungeweza kugusa anayefuata mara mia, ukapata majina mia yenye uhai wa msichana mmoja.

Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja: anwani ikibadilika, sahau ulichobeba, kalete upya. Niliuandika huku nalia. Ruta za wenzangu, zile kubwa nilizozidharau, huandika onyo juu ya jambo hili hili katika maelezo yake. Nilikuwa nimewahi kulisoma.

“Imeisha?” tonton aliniuliza kutoka mlangoni.

“Imeisha kwa kioo.”

“Na batu?”

Hapo ndipo nilipomkumbuka mtu aliyeniandikia kwamba wote wanaonekana Barumbu. Nikamwambia tonton. Alivua miwani akaiweka mfukoni.

“Tutapigia kila mutu,” alisema. “Jina kwa jina. Weye utasoma, mimi nitasema.”

Tulianza na Barumbu. Mtandao wa Barumbu ulikuwa umekatika. Tukamwandikia mtu wetu wa Basoko atume mtu kwa pirogi, amtafute mama yule, amlete Basoko kabla ya maziko. Ujumbe ulionyesha kwamba umetumwa, haukuonyesha kwamba umefika. Alikuwa anapanda penye mtandao asubuhi na jioni tu, na asubuhi ilikuwa imepita.

Kisha nilikwenda maporomoko mwenyewe. Tonton alitaka anisindikize, nikakataa. Baba wa rafiki yangu alikuwa amekaa nje akitengeneza mtego, anapitisha kamba kwenye matete. Aliniona akatabasamu, akaita ndani waniletee kiti.

“Papa,” nilimwambia, “nilikosea.”

“Ulikosea nini?”

“Habari niliyosema jana ilikuwa ya mutoto wa mwingine. Yetu... alikufa, papa. Iko Basoko. Kesho banamuzika.”

Mikono yake iliendelea kufuma. Ilipita mizunguko mitatu minne kabla ya kusimama.

“Nani alisema?”

“Iko kwa daftari ya kamati. Hata jana ilikuwa humo. Mimi ndiye nilisoma vibaya.”

“Bibi yangu alishuka na manguo ya mutoto,” alisema. “Alipika lituma, ndizi ya kuponda, akaifunga kwa majani. Alisema mutoto akiwa mugonjwa hakulaka chakula ya batu bengine.”

Hakunipiga, hakunitukana. Aliniomba niondoke ili awaambie wanawake yeye mwenyewe, na nilipofika njiani nikasikia kwamba amewaambia.

Siku tatu tulipiga simu, tonton na mimi. Wengi walikuwa wamefungua majina yao moja kwa moja, wakaona sawa. Wachache hawakuwa. Familia moja kwenye barabara ya Buta ilikuwa imeweka matanga, imetandaza turubai na kulia siku mbili kwa ajili ya kijana ambaye alikuwa mzima, kijijini, anakula samaki. Tonton alipowaambia walikata simu, wakidhani ni mzaha mbaya. Walipopiga tena walikuwa wanapiga kelele za furaha, na tonton akaweka simu mezani akafuta uso kwa kitambaa. Wengine wawili tuliwapa habari ya upande ule mwingine: mtu wao waliyemsoma kuwa hai amekufa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule. Aliniuliza: “Una uhakika leo?” Nikamjibu ndiyo. Akasema: “Jana pia ulikuwa na uhakika.”

Mtu wa Basoko aliupata ujumbe wetu Ijumaa jioni. Alituma pirogi Jumamosi alfajiri. Joto lilikuwa kali na maiti wasiokuwa na watu wao walizikwa asubuhi hiyo hiyo, pamoja na wale waliokuwa wanangojwa. Mama alifika mchana. Alionyeshwa udongo mbichi na kibao chenye namba.

Haya alinisimulia mwenyewe. Niliporudi maporomoko matanga yalikuwa yamekaa, wanawake wako kwenye mikeka. Shangazi mmoja alisimama akanizuia njia. Mama akasema kutoka nyuma, “Acha apite.” Sauti yake ilikuwa imekauka.

Nikakaa chini mbele yake.

“Kule Barumbu,” alianza, bila salamu, “infirmier wa kituo alinishika mukono akanipeleka kwa kitanda. Alisema: huyu hapa. Mutoto alikuwa ameangalia ukuta. Nikamwita jina. Akageuka. Nikasema, si huyu. Nikangoja. Nilifikiri bataniletea mwingine.”

Alinyoosha mkeka kwa kiganja, akaendelea.

“Ule mutoto hakukuwa na mutu. Batu bake walikuwa njiani. Mukono moja imefungwa, hawezi kujiosha. Nikamwosha. Nikamupa ile lituma, na liputa yako, na manguo. Ningefanya nini nayo? Nilimulalia kando usiku muzima. Kila mutu akiingia kwa mulango, naangalia. Na mutoto yangu alikuwa ananingoja ng’ambo ile.”

Wanawake walianza kulia. Yeye hakulia.

“Sasa niambie weye,” alisema. “Niambie ilikuwa namna gani. Usinifiche juu ya ile mashine yako.”

Nilimweleza. Sikutumia maneno ya kazi. Nilimwambia ukurasa ulikuwa na sehemu mbili, ya juu ina jina na ya chini ina habari, na mimi niliuandika vibaya: nilipotoka kwa msichana mmoja kwenda kwa mwingine, jina lilibadilika, habari ikabaki.

“Donc juu ilikuwa jina ya mutoto yangu,” alisema, “na chini maisha ya mutoto wa mwingine.”

“Ndiyo, mama.”

“Na haukujua.”

Ningeweza kusema sikujua, na isingekuwa uongo mzima. Baba wa rafiki yangu alikuwa ananitazama. Nikasema: “Asubuhi ile, mbele ya kuja kwako, mutu mumoja aliniandikia. Alisema bote banaonekana Barumbu. Nilimwambia afunge, afungue tena. Sikuangalia.”

“Ulikuwa na kazi?”

“Nilikuwa na kazi. Na nilikuwa najua ni mutandao.”

“Basi ungeweza kujua.”

“Ndiyo.”

Alitikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyepimiwa kitu akakubali kwamba kipimo ni sahihi. Kisha akamwambia dada yake aniletee chakula. Nikaletewa lituma na samaki, nikala mbele yao wote.

“Sasa enda,” mama aliniambia. “Usiku ule nilipokuwa kwa pirogi nilikuwa nafurahi, nilikuwa naimba. Hiyo nayo ulinipa weye. Sijue niiweke wapi. Enda, na usirudie hapa mpaka nikuite.”

Hajaniita.

Ukurasa ulibaki wazi wiki kadhaa, mpaka majina yote yakapata mwisho wake, kisha tonton akaniomba niufunge. Wafanyabiashara walinishukuru kwa barua yenye muhuri. Niliiweka chini ya sanduku. Tonton hakuwahi kunilaumu, lakini nilimwona siku moja akimsomea mteja bei kutoka kwenye orodha niliyomtengenezea, na kabla ya kuitamka alifungua daftari akahakikisha. Alipogundua kwamba namwona alilifunga haraka, akaniuliza kama nimeshakula.

Bado ninafanya kazi hii. Sijui nyingine. Bado ninaandika ruta ndogo, kwa sababu simu za watu hapa bado ni zile zile. Ninachofanya siku hizi, kabla ya kumkabidhi mtu ukurasa, ni kukaa na kutembea humo kwa njia zote ambazo mtu aliyechoka au aliyeogopa angeweza kupita: mbele, nyuma, kutoka katikati, kwa kukosea. Inanichukua siku nzima na wateja hulalamika. Mtu akiniandikia kwamba kitu kinaonekana vibaya, siwezi tena kumjibu afunge na kufungua. Naacha ninachofanya, hata kama ni chakula, naenda kuangalia. Mara nyingi kweli ni mtandao.

Mama yule anauza samaki soko kuu, upande wa mto. Tukikutana ananisalimia, ananiuliza habari za mama yangu na za tonton. Namjibu. Halafu anageukia mteja wake, nami napita.